Kuwasilisha, Kupokezana na Kupishana: Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano kwa Mifano ya Wilaya ya Rungwe

Neno "mawasiliano" limeenea mno katika Kiswahili cha siku hizi, hata si rahisi kumpata mtu asimame kidogo akaliuliza limebeba nini. Limo katika majina ya wizara na mamlaka, limo katika kozi za vyuo, na limo katika ripoti za kila idara. Ofisa akipita sokoni Tukuyu na gari la kipaza sauti akitangaza siku ya chanjo, ripoti yake yaweza kusema kwamba amefanya mawasiliano na wananchi. Mkulima wa chai wa Katumba akiletewa katika simu yake ujumbe ambao hawezi kuujibu, huo nao huhesabiwa kuwa mawasiliano. Lugha imekubali kutumika hivyo, na aghalabu lugha ikikubali hakuna anayelalamika. Walakini muundo wa neno lenyewe unapinga, na upinzani huo wafaa kusikilizwa, kwa sababu katika elimu ya mitambo ya kupelekea habari tofauti iliyofichwa humo ndiyo tofauti ya kwanza ambayo mwanafunzi hufundishwa.

Mafundi wa mitambo hiyo hutambua namna tatu. Katika namna ya kwanza habari hutoka upande mmoja tu, na upande wa pili hupokea bila ya kuwa na chombo cha kujibia. Redio ya nyumbani ni mfano wake. Katika namna ya pili pande zote mbili zaweza kutuma, lakini si kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo redio ya upepo ya polisi, ambayo msemaji hubonyeza kitufe, husema, kisha hutamka "ova" na kukiachia kitufe ili apate kusikia. Katika namna ya tatu pande zote mbili hutuma na kupokea kwa wakati ule ule, kama watu wawili wazungumzao kwa simu, ambao kila mmoja aweza kumkatiza mwenzake. Darasani namna hizo huitwa simpleksi, nusu dupleksi na dupleksi kamili. Nje ya darasa husemwa tu "mawasiliano ya njia moja" na "mawasiliano ya njia mbili". Seti zote mbili za majina haya zina kasoro, na kasoro zake si za namna moja.

Yafaa kuanza na mzizi. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu neno "wasili", yaani kufika, na juu yake kikajenga kwa viambishi vyake chenyewe. Barua imewasili: imefika, wala hakuna anayetajwa kuipeleka. Tarishi amewasilisha barua: ameifanya ifike. Watu wawili wamewasiliana: kila mmoja amemfikia mwenzake. Mnyambuliko huu watosha kumwonyesha mchunguzi kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na njia ya kutofautisha habari iendayo upande mmoja na habari irudiyo. Kiambishi -ish- kinafanya kazi ya kwanza na kiambishi -an- kinafanya kazi ya pili. Ni kweli kwamba si kila -an- katika Kiswahili ni ya kutendana. Katika "patikana" na "wezekana" imeungana na -ik- ikawa na maana nyingine kabisa. Lakini "wasiliana" haimo katika kundi hilo. Haitumiki ila kwa watendaji wawili au zaidi, au kwa mtendaji mmoja pamoja na "na". Hivyo basi mtu asemapo "mawasiliano ya njia moja" amesema kitu kinachofanana na "mapigano ya mtu mmoja".

Aweza kutokea mtu wa kusema kwamba maneno huhama, na kwamba hapana faida ya kulishika neno kwa mzizi wake kama ng'ombe kwa kamba. Hoja hiyo ni ya haki. "Simu" ni ushahidi wake ulio mzuri kuliko wote. Neno hili asili yake ni Kiajemi na maana yake ya kale ni uzi wa madini, yaani waya. Kiswahili kikalitumia kwa habari zilizopelekwa kwa waya, kisha kwa chombo cha kuzungumzia, na sasa kila mtu ana "simu ya mkononi" isiyo na waya wowote. Zamani palikuwapo hata "simu ya upepo", ambayo kwa mtazamo wa asili ya neno ni waya wa upepo, na wala hakuna aliyecheka. Basi kwa nini "mawasiliano" nayo isiachwe iende zake? Jibu ni kwamba "simu" ilipohama haikumpoteza mtu. Mwenye simu anajua alicho nacho. "Mawasiliano" ikihama humpotezea msikilizaji jambo moja, yaani kwamba hakuwa na nafasi ya kujibu, na aliyenufaika kwa upotevu huo ni yule aliyesema.

Kasoro ya "njia moja" na "njia mbili" ni ya namna nyingine. Hapo neno "njia" limefanywa libebe maana ya mwelekeo, nayo si maana yake. Njia ni mahali pa kupitia. Mwelekeo ni upande uendao. Mtu afahamuye barabara za vijiji vya Rungwe, zinazopanda na kushuka baina ya migomba na mashamba ya chai, ataiona tofauti hiyo bila ya kuelezwa. Katika vijito vingi vya milima ile daraja ni jembamba, la kupita gari moja. Gari litokalo juu likiwa darajani, litokalo chini halina budi kungoja, kisha zamu hugeuka. Daraja hilo ni njia moja, lakini magari hulipita kwa pande zote mbili. Ndiyo nusu dupleksi hasa: redio ya upepo nayo aghalabu hutumia masafa mamoja tu, ambayo pande mbili huyapita kwa zamu. Sasa kwa istilahi zilizozoeleka, daraja hilo litaitwa la njia moja au la njia mbili? Likihesabiwa kwa njia, ni moja; likihesabiwa kwa mielekeo, ni mbili. Istilahi inayomwacha mwanafunzi njia panda katika mfano mwepesi kama huu haijafika. Tena "njia mbili" huzichanganya pamoja namna ya pili na namna ya tatu, ambazo fundi anahitaji kuzitenga kuliko zote, kwani gharama ya mtambo na muda wa kungoja hutegemea hapo.

Ama "simpleksi" na wenzake, wapo wanaoona kwamba kuyakopa maneno ya kigeni kama yalivyo, kwa kuyatilia irabu tu, ndiko kulinda usahihi wa sayansi. Katika jambo hili dhana hiyo si kweli. Kanuni za redio za Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu huita "simpleksi" utaratibu wa kutuma kwa zamu kwa kila upande, yaani kile ambacho vitabu vya kompyuta, kwa kufuata desturi ya Marekani, hukiita nusu dupleksi. Katika vitabu hivyo vya kompyuta "simpleksi" ni kule kutuma upande mmoja tu bila ya jibu. Kwa hiyo fundi wa redio aliyefunzwa kwa kanuni za kimataifa na mwalimu wa kompyuta aliyefunzwa kwa vitabu vya chuo waweza kukutana katika mkahawa mmoja mjini Tukuyu, wakatumia neno moja, na kila mmoja akamaanisha kinyume cha mwenzake. Kiswahili kikilikopa neno hilo hukopa pamoja nalo ugomvi usiokihusu. Na "nusu dupleksi" huongeza mzigo mwingine: nusu ya nini? Si nusu ya muda, wala si nusu ya maneno.

Kabla ya kupendekeza maneno mengine, ni vema kutazama jinsi namna hizi tatu zilivyopata kuishi katika wilaya moja, kwa kuwa istilahi iliyotungwa mezani bila ya kutazama mahali huvunjika mapema. Rungwe yafaa kwa kazi hiyo. Ni nchi ya milima na mabonde. Mlima Rungwe wenyewe wafikia karibu meta 2,960, na mvua za Tukuyu ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa katika Tanzania. Mambo hayo mawili, mlima na radi, ni maadui wa kila mtambo wa mawimbi. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na kilima. Mawimbi ya kati na mafupi huvuka vilima, lakini radi huyajaza mikwaruzo. Hata kabla ya mitambo, mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya bonde hana budi kunyamaza baada ya kuita, kwa sababu sauti yake mwenyewe na mwangwi wake humzuia kusikia jibu. Huko ni kupokezana kulikofundishwa na ardhi.

Wasomaji wa jarida hili huenda wakauliza habari za ngoma, kwa kuwa vitabu vingi juu ya Afrika huzitaja ngoma kana kwamba kila mahali zilisema. J. F. Carrington alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za Walokele, karibu na Kisangani katika Kongo, zinavyoweza kupeleka maneno na kujibiwa. Siri yake ni toni. Lugha ya Kikele hupambanua maneno kwa sauti ya juu na ya chini, na mgogo wa ngoma wenye sauti mbili huyafuata maneno hayo, tena kwa mafungu marefu ya maneno ili kuondoa utata. Kinyakyusa hakikuweza kufanya hivyo. Bastian Persohn, katika uchunguzi wake wa kitenzi cha Kinyakyusa uliotoka mwaka 2017, ameeleza kwamba lugha hiyo, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, si lugha ya toni. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Kwa hiyo ngoma inayopigwa mahali kama Rungwe yaweza kutoa ishara iliyokwisha kuafikiwa, ya msiba au ya kukusanyika, lakini haiwezi kuunda sentensi mpya, na kwa hiyo haiwezi kujibiwa kwa ngoma. Jibu lake ni watu kufika. Hapa pana funzo kwa mwanaistilahi: kuwa na chombo pande zote mbili si dalili ya kwamba habari yaweza kurudi. Yategemea pia lugha iliyomo ndani ya chombo.

Kadhalika yategemea desturi. Monica Wilson, ambaye kitabu chake cha mwanzo juu ya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, aliandika kwa urefu juu ya mwiko wa mke kwa baba mkwe: haimpasi kumtazama, wala kulitaja jina lake, na hata maneno yanayofanana na jina hilo huyaepuka na kuweka mengine mahali pake. Wataalamu wa lugha wameushughulikia mwiko huo chini ya jina la "ingamwana" kwa sababu ya msamiati wake, nao wamefanya vema. Walakini kwa somo hili jambo lenyewe ni jingine. Watu wawili wenye masikio na vinywa, waishio karibu, wamezuiwa kwa desturi wasisemezane. Hakuna kasoro ya mtambo. Upande mmoja umefungwa kwa sheria. Maelezo ya mafundi huudhania mwelekeo kuwa ni sifa ya chombo. Ni sifa ya makubaliano ya watu, na chombo huja baadaye.

Upungufu mkubwa wa kupeleka habari upande mmoja ni kwamba mpelekaji hajui kama amesikika. Mfano wake ulio mashuhuri katika sehemu hizi ulitokea katika Ziwa Nyasa, ambalo ncha yake ya kaskazini iko chini ya milima ya Rungwe. Wakati huo Tukuyu iliitwa Neu Langenburg, nayo ilikuwa boma la serikali ya Kijerumani. Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen alipata habari na amri, akaelekea Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, ambako meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti akaipiga mizinga. Nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari yoyote ya vita. Yasimuliwa kwamba alikuja kwa mashua ndogo akipiga makelele kwa hasira, akimdhania mwenzake amelewa. Siku tisa zilikuwa zimepita. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna jambo la kutisha: habari iliyotumwa bila ya njia ya kuthibitisha kupokewa huhesabiwa na aliyeituma kuwa imefika. Lau wakubwa wa Berndt wangengoja neno moja tu la kujibu, wangelijua kwamba hajui.

Redio ilipokuja iliipa namna hii ya upande mmoja enzi kubwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwanzo haikufika mbali na mji wenyewe. Mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa Rungwe redio hiyo ilikuwa na umbali wa namna mbili. Mmoja ni wa maili. Wa pili ni wa lugha, kwa kuwa matangazo ya taifa yalitolewa kwa Kiswahili, na wazee wengi wa vijijini walikijua kidogo au hawakukijua. Kijana wa nyumbani alikaa baina ya redio na babu yake akifasiri. Hapo palizaliwa jambo ambalo nadharia huelekea kulisahau. Babu hakuweza kuijibu redio, ila aliweza kumjibu mjukuu wake, na mara nyingi alimjibu kwa ukali. Upande mmoja wa safari ulikuwa umefungwa na upande wa pili uko wazi, katika habari moja, jioni moja.

Serikali iliyafahamu hayo, ijapokuwa haikuyaita kwa majina hayo. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 haikuridhika kutangaza tu. Ilitumia vipindi vya redio pamoja na vitabu na vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake, nayo iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini. Baada ya kipindi redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza, kisha watu wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi walioisifu kampeni hiyo husema kwamba iliigeuza redio kuwa ya pande mbili. Kauli hiyo ina haraka. Maneno ya kikundi cha kijiji fulani hayakurudi katika kipaza sauti cha Dar es Salaam wiki ile ile wala hayakukibadili kipindi kilichofuata. Kilichofanyika ni kwamba habari ya upande mmoja iliingizwa katika mazungumzo ya watu wanaoonana. Hiyo ni sifa kubwa ya kutosha. Si lazima iongezewe isiyokuwa yake.

Kadi za salamu zilikuwa hodari zaidi katika jambo hili kuliko wataalamu walivyozipa heshima. Msikilizaji aliinunua kadi, akaandika majina ya nduguze na ujumbe wake, akaitia posta. Baada ya siku nyingi mtangazaji aliisoma hewani. Tazama umbo lake. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ujumbe ulikwenda kwa karatasi na basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ulirudi kwa mawimbi. Ni njia mbili tofauti, kila moja ya upande mmoja, zilizofungwa pamoja zikawa duara. Mafundi wanajua kwamba namna ya tatu yaweza kujengwa hivyo hivyo, kwa mikondo miwili iliyoelekezwa kinyume. Tofauti ni muda tu. Kabla ya hapo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikwisha kufanya jambo lililo karibu na hilo kwa barua na mashairi: mshairi wa mji mmoja alitoa swali, wa mji mwingine akajibu katika toleo la baadaye, na jina la kazi hiyo, "kujibizana", lina -an- iliyo mahali pake kabisa.

Siku hizi Tukuyu ina redio yake, Chai FM, na stesheni za namna hiyo huwaalika wasikilizaji wapige simu. Mkondo mmoja wa mawimbi na mkondo mmoja wa simu hukutana katika studio, na msikilizaji mmoja kwa wakati mmoja hupandishwa kutoka upande wa wapokeaji. Hilo ni jema. Hata hivyo kanuni za utangazaji za nchi huzitaka stesheni zitumie Kiswahili au Kiingereza, na kwa hiyo bibi asiyejua ila Kinyakyusa amepewa namba ya simu bila ya kupewa lugha ya kuitumia. Faida ya kanuni hiyo kwa umoja wa taifa na kwa Kiswahili chenyewe yajulikana na haina haja ya kutetewa hapa. Gharama yake haitajwi mara nyingi, hasa na wapenzi wa Kiswahili.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoleta vurugu kubwa zaidi katika istilahi. Kwa ujenzi wake ni chombo cha namna ya tatu. Lakini matumizi ya watu hayafuati ujenzi. Kitenzi "kubipu" chamaanisha kupiga na kukata kabla ya kupokewa ili yule mwingine apige kwa gharama yake. Ishara moja tu imekwenda, isiyo na neno hata moja, na maana yake yote ni "nijibu". Katika namna zote za kupeleka habari hapana iliyo fupi kuliko hiyo, na hapana inayolitaka jibu kwa nguvu zaidi. Kinyume chake ni ule ujumbe wa maandishi unaotumwa na kampuni au idara kwa maelfu ya watu kwa mara moja, ambao mahali pa namba ya mtumaji pana jina tu. Mkulima aujibuye hujaribu kuongea na ukuta. Chombo kilicho mkononi mwake chaweza kusema na dunia nzima, na ujumbe umekifanya kiwe redio. Akisoma kwamba majani yake ya chai hayatachukuliwa siku fulani, naye anajua kwamba majani yaliyokwisha kuchumwa hayangoji, swali alilo nalo ni la saa ile ile. Ujumbe wenyewe hauna pa kuliweka swali hilo. Katika kumbukumbu za mtumaji, hata hivyo, wakulima wote "wamewasiliana naye".

Claude Shannon, ambaye makala yake ya mwaka 1948 ndiyo msingi wa nadharia hii, alichora mtumaji upande mmoja, mpokeaji upande wa pili, na mkondo mmoja baina yao. Mchoro huo umenakiliwa katika vitabu vya fasihi, vya ualimu na vya uandishi wa habari mara zisizohesabika, kana kwamba ni picha ya mazungumzo ya binadamu. Yeye mwenyewe mwaka 1961 alirudi akaandika makala nyingine juu ya mikondo ya pande mbili, akaonyesha kwamba pande mbili zikitumia mkondo mmoja, kila moja humwathiri mwenzake, na hesabu yake haiwi ya kwanza mara mbili. Makala hiyo ya pili haisomwi sana nje ya fani yake. Wanaofundisha mawasiliano kwa Kiswahili wangefaa kuanzia hapo, maana Kiswahili kimezoea mazungumzo ya aina hiyo. Msimulizi wa pwani hawezi kuanza hadithi mpaka aseme "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", asipojibiwa, hakuna hadithi. Naye aendeleapo kusimulia husikia "enhe" na "naam" za wasikilizaji juu ya sauti yake mwenyewe. Hayo ni mapokezi yanayothibitishwa wakati wa kutuma, nayo katika mitambo ni kazi ya gharama.

Basi ni maneno gani yafaayo? Kwa namna ya kwanza "uwasilishaji" latosha, nalo lipo tayari katika lugha. Kwa namna ya pili laweza kuwekwa "upokezano". Hapa patakuwa na pingamizi moja la haki: katika mbio za kupokezana vijiti, kijiti huenda mbele tu na hakirudi kwa aliyekitoa. Ni kweli, lakini kinachopokezanwa huko ni zamu ya kukimbia, na hali kadhalika katika redio ya upepo kinachopokezanwa ni zamu ya kusema. Maana iliyo ya lazima ni zamu, na zamu ndiyo alama ya namna hii. Kwa namna ya tatu wengine wangependa "mawasiliano sambamba", illa "sambamba" limekwisha kuchukuliwa na mafundi wa kompyuta kwa biti zinazokwenda bega kwa bega upande mmoja. "Usemezano" ni zuri kwa sikio, lakini watu husemezana kwa zamu pia, na mashine hazisemi.

Linalobaki ni "upishano". Magari mawili hupishana pale tu barabara inapokuwa pana kiasi cha kuyachukua yote mawili yakielekea kinyume kwa wakati mmoja, kama katika lami itokayo Tukuyu kushuka Kyela. Katika lile daraja jembamba hupokezana. Tofauti ya namna ya pili na ya tatu haikupata kuelezwa kwa wepesi zaidi, na dereva yeyote wa Rungwe anayo. Aibu ya neno hili ni kwamba "tumepishana" pia husemwa na watu waliokosana njiani, na "kupishana kauli" ni kutokubaliana. Aibu hiyo haifai kufichwa. Hata hivyo yapunguzwa na jambo moja: mtambo wa namna ya tatu hauahidi kwamba waliomo watasikilizana. Unaahidi kwamba sauti zao zote mbili zitapita.

"Mawasiliano" lingebaki kuwa jina la upokezano na upishano kwa pamoja, na uwasilishaji ungetolewa nje yake. Mwenye kutunga kamusi ataona kwamba badiliko hili ni dogo, kwa kuwa halidai neno lolote jipya la kigeni, bali ladai viambishi viachwe vifanye kazi yake. Mwenye kuandika ripoti ataliona kubwa zaidi. Yule ofisa wa sokoni Tukuyu ataandika kwamba amewasilisha habari ya chanjo kwa wananchi, na katika safu inayofuata ya fomu, iliyoandikwa "mawasiliano", itambidi aweke maswali aliyoulizwa, na nani aliyauliza, na kwa lugha gani.